Mistari Miwili ya Mtu Mmoja

Nilianza kuichukia harufu ya ofisi ile kabla sijajua kwa nini. Jenereta ilikuwa nyuma ya dirisha, na moshi wa dizeli uliingia ndani ukakaa kwenye mapazia, kwenye kanzu ya paroko iliyotundikwa mlangoni, hata ndani ya vitabu vya ubatizo. Nikirudi nyumbani mke wangu aliniambia nivue shati nje. Miaka yangu yote nilikuwa nimetoka kanisani nikinuka ubani au jasho, na hivyo viwili sikuwahi kuvionea haya. Dizeli niliionea haya.

Ilikuwa miaka ya tisini, kuelekea mwishoni. Nilikuwa nimestaafu ukatekista baada ya kuzunguka vigango vya upande wa Kaisho kwa baiskeli mpaka magoti yakagoma, na kanisa likanipa kazi nyepesi katika ofisi yake moja pale Kayanga. Wafadhili walikuwa wameleta kompyuta, na wakubwa wetu wakataka majina yote ya waliobatizwa yahamie humo. Mtawa mmoja alikaa mbele ya mashine, mimi nikakaa pembeni yake na vitabu, nikimsomea: jina, baba, mama, kigango, tarehe, namba. Nilimshukuru Mungu kwa kazi ile. Mzee anapewa kiti chenye mto, chai ya maziwa saa nne, na majina ya watu aliowafundisha Baba Yetu wakiwa na kamasi puani. Nilipokuwa nikimsoma aliyekwisha kufa nilinyamaza kidogo, na mtawa alijua, akanisubiri.

Kuna jambo moja la vitabu vile ambalo ni lazima nilieleze sasa, kwa sababu yote yaliyofuata yalitoka hapo.

Vita vilipoanza mwaka wa sabini na nane, watu wa mpakani walishuka kuja huku ndani wakiwa na mikeka, mbuzi na wagonjwa. Njia ya kwenda Omurushaka ilijaa. Ilikuwa mvua, na watoto wachanga walikuwa wanakohoa na kuhara. Makatekista tuliruhusiwa kubatiza mtoto aliye katika hatari ya kufa, basi nikabatiza. Nilibatiza katika vibanja, mashamba yanayozunguka nyumba, vya watu nisiowajua, chini ya migomba inayodondosha maji, kwa maji ya sufuria na ya kibuyu. Wengine walikufa. Wengi, sifa kwa Mungu, walipona.

Watu waliporudi makwao, padri mzee tuliyekuwa naye wakati ule aliwakusanya watoto hao wakamilishiwe ibada kanisani: mafuta, mshumaa, kitambaa cheupe. Maji hakuwapa tena, maana walishayapata. Kisha akaagiza kila mmoja aandikwe mistari miwili kitabuni, mmoja wa siku ya maji njiani, mmoja wa siku ya kukamilishiwa kanisani, na mistari yote miwili ipewe namba ile ile. Alitueleza sababu akiwa amesimama, kalamu mkononi. Ubatizo ni mmoja, kwa hiyo namba ni moja. Mtu asije akasoma namba mbili akadhani mtoto alibatizwa mara mbili. Sisi wa upande ule tuliuzoea utaratibu huo, na mtu akija kuomba cheti tulitazama mistari yote miwili tukamwandikia cheti kimoja.

Kompyuta ya kwanza haikuwa na shida nao. Nilimsomea mtawa mistari miwili, akaandika mistari miwili.

Kisha ikaja kompyuta ya pili, mpya, yenye toleo jipya la programu ile ile, na pamoja nayo akaja kijana wa Bukoba wa kuyahamisha majina. Nisimsingizie. Alitoka katika familia ya watu wenye adabu, na hakuna asubuhi aliyopita bila kuniambia shikamoo. Lakini ulikuwa msimu wa senene, wale panzi wa kuliwa, naye alikuja na senene wa kukaanga ndani ya karatasi ya gazeti, akaiweka juu ya kitabu cha ubatizo kilichokuwa wazi, akawa anakula huku anabonyeza. Senene nawapenda mimi pia. Ni zawadi kutoka juu, wanaanguka wenyewe. Ila kuona mafuta yao yakitanda juu ya jina la mtu, na mguu wa senene umelala kwenye safu ya wazazi, sikuvumilia. Nilikitoa kitabu. Akakivuta kingine.

Alikuwa na diski yenye maagizo ya kutengeneza jedwali. Aliniambia jedwali ni kama kabati: kwanza unatengeneza kabati lenye droo zake, halafu ndiyo unaweka nguo. Akaingiza diski, akabonyeza, mashine ikalia.

"Inakataa nini?" nikamwuliza.

"Haijui neno hili, mzee. Toleo la zamani tarehe ilikuwa inaandikwa hivi. Hili jipya linataka vingine."

"Si umesema ni programu ile ile?"

"Ni ile ile, ila toleo jingine."

"Kwa hiyo ikivaa shati jipya inasahau lugha ya mama yake?"

Alicheka, na bawa la senene likamtoka mdomoni likatua kwenye kioo cha mashine. Mtawa akaniambia, "Mwache afanye kazi, katekista, utamchanganya."

Siku zilizofuata zilikuwa hivyo hivyo. Alibadilisha neno la tarehe, mashine ikalalamikia urefu wa jina la safu. Akafupisha jina, ikasema jedwali lenye jina hilo tayari lipo, kumbe ni lile nusu lililobaki jana yake jenereta ilipozimika. Akalifuta, akaanza upya. Akaenda posta kumpigia simu mwenzake aliyeandika maagizo yale, na mwenzake akamwambia kwake yanafanya kazi vizuri, kosa ni la toleo la Kayanga. Naye akasema kosa ni la aliyeandika. Wakalaumiana kwa simu kama wake wenza, wakati watu wamekaa kwenye benchi nje wakisubiri vyeti, maana vitabu vilikuwa vimepigwa marufuku tayari. Waraka wa wakubwa wetu ulisema hivyo: vyeti vitoke kwenye mashine tu.

Mwisho jedwali likatengenezeka, likabaki jambo moja. Kijana alitaka namba ya ubatizo iwe ufunguo, yaani kila mtu na namba yake, isirudiwe. Mashine ikagoma kabisa.

"Inasema kuna namba zimerudiwa," akasema.

Nikamweleza pale pale, polepole, habari ya vita, ya maji ya njiani, ya padri mzee. Nilimwambia hiyo si kurudia, ni mtu mmoja. Alinisikiliza akitafuna.

"Toleo la zamani lilikuwa linavumilia mambo mengi, mzee," akasema. "Hili lina nidhamu."

"Basi lifundishe uvumilivu."

"Sawa, mzee. Nimekuelewa."

Magoti yalikuwa yananiuma, nikaenda nyumbani. Kesho yake nilikuta soda mezani na mtawa anapiga makofi. Jedwali limekubali! Kijana alinionyesha majina yakipita kwenye kioo kama maji ya mfereji. Alisema ameifunga miaka yote ya zamani, mtu asije akaichezea. Sasa yataingia majina ya wanaobatizwa kuanzia leo tu. Nilinywa soda ile ya uvuguvugu, tamu hadi meno yakauma, nikasema Mungu asifiwe.

Jumatatu ya juma la mwisho kabla ya Majilio, majuma ambayo kwetu ndoa hazifungwi mpaka Krismasi ipite, alikuja mzee mwenzangu kutoka Kaisho pamoja na mwanawe. Mzee huyo nilimfahamu tangu njia ya Omurushaka. Wakati ule mkewe alimbeba mtoto mgongoni, mtoto anapumua kama kifaranga kilichonyeshewa, na mimi nikamwagia kichanga huyo maji kwa kikombe cha bati. Sasa kichanga amekuwa kijana mwenye mabega, ameshika kofia, anaoa Jumamosi. Matangazo ya ndoa yalikwisha kusomwa kigangoni. Kilichobaki ni karatasi ya mashine kwamba amebatizwa.

Mzee alinipa kahawa za kutafuna zilizofungwa kwenye jani la mgomba, tukaulizana hali za nyumbani. Mtawa akaandika jina. Akaandika tena.

"Hayupo," akasema.

"Nani hayupo?" mzee akauliza.

"Kijana wako."

"Dada, huyu hapa. Mguse."

"Kwenye mashine, mzee. Kwenye mashine hayupo."

"Huko kwenye mashine sijawahi kumtuma."

Watu wa kwenye benchi walicheka. Mimi sikucheka. Nilimwita fundi, yule kijana wa Bukoba, akaja akijifuta mikono kwenye suruali, akatazama mwaka wa kuzaliwa akaelewa mara moja.

"Ah, hao. Hao ndio walikuwa wanakwamisha jedwali. Wenye namba mara mbili niliwatoa."

"Uliwatoa? Hukutoa ule mstari wa pili tu?"

"Sasa, mzee, mashine ingejuaje upi ni wa kweli? Nilitoa yote miwili, ili kuwe na usafi."

Usafi. Watoto wa njia ile, waliobatizwa katikati ya kuhara na matope, mama zao wakiwa hawana hata kitambaa kikavu cha kuwafutia, walikuwa wamefagiliwa nje kwa jina la usafi, na aliyewafagia alikuwa na makombo ya senene kwenye ndevu. Sijui kama nimewahi kumtazama binadamu kwa kinyaa kama nilivyomtazama kijana yule, na bado hakujua amefanya nini. Alikuwa ananitazama kwa upole, akisubiri nimsifu.

Nilimwambia amrudishe huyu mmoja basi. Akasema miaka ya zamani imefungwa. Ili kuifungua ni lazima alifute jedwali zima alitengeneze upya, na likitengenezwa upya litaleta kosa lile lile. Kompyuta ya zamani je? Ilikwisha kufutwa, ikapelekwa shule. Diski zake je? Alizijaribu mbele yetu alasiri nzima. Toleo jipya lilizisoma, likaanza kujenga jedwali, likafika kwa watoto wa vita, likalia. Alijaribu kwa njia nyingine, likalia. Mzee wa Kaisho alikaa sakafuni ameegemea ukuta, na kila mlio alisema "Ehee!" kama mtu anayesikiliza kesi ya jirani.

"Ndizi nimekwisha kuzikamua," aliniambia tulipotoka nje kupata hewa. "Rubisi iko mtumbwini inachacha, mtama nimetia. Nikaiambie nini? Isubiri mpaka Krismasi ipite?"

"Rubisi si kitu. Vipi wakwe?"

Hapo alitema maganda ya kahawa. "Mjomba wa binti ametamka wazi mbele ya wazee. Jumamosi isipofungwa ndoa, binti anakwenda kwa shangazi yake Muleba. Huko kuna mwenye duka anayemtaka. Ananiambia, 'Kama kanisa halimjui mwanao, sisi tutamjulia wapi?'"

Kijana alikuwa amesimama karibu, anazungusha kofia. Niliona kidevu chake kinatikisika, na huyu ni mtu anayebeba magunia mawili ya maharage kwa mpigo.

Tuliingia kwa paroko. Alikuwa mgeni kwetu, padri wa kutoka mbali, mwaminifu, mwenye hofu ya wakubwa wake kama anavyopaswa mtu aliyeapa kutii. Nikamfungulia kitabu, nikamwonyesha mistari miwili, nikamwambia maji nilimwaga mimi na niko tayari kuapa juu ya Injili.

"Nakuamini, katekista," akasema. "Ningekuwa peke yangu ningemfungisha ndoa kwa kiapo chako. Lakini tazama. Bila karatasi ya mashine, ndoa yake haiingii kwenye mashine. Akizaa, mtoto akiletwa hapa, mashine itauliza ndoa ya wazazi. Itakuta hakuna. Nitakuwa nimewafungia mlango wote."

Fundi alikuwa amesimama mlangoni. "Baba Paroko," akasema, "njia ipo rahisi. Tunamwandika kama amebatizwa leo. Atapata namba mpya, jedwali litampokea bila tatizo. Nani atajua?"

Paroko alinyanyuka. "Mimi sitaandika uongo."

Nikafurahi. Nikasema moyoni, sasa tumepata mtu. Alizunguka meza mara kadhaa, mikono nyuma. Kisha akasema, taratibu, bila kunitazama, "Labda kama maji yakimwagwa kweli."

"Maji gani?" nikauliza.

"Kwa sharti. Kanisa linaruhusu panapokuwa na shaka. Nasema, kama hujabatizwa, nakubatiza. Ndipo tunaandika tarehe ya leo, na haitakuwa uongo."

"Lakini shaka haipo, Baba. Mimi nipo hapa. Baba yake yupo hapa."

"Shaka ipo kwenye mashine," akasema.

Ningependa kuandika kwamba alikuwa mtu mbaya. Hakuwa. Alikataa uongo wa maneno, na kwa kuukimbia huo akaangukia kumwagia maji mtu aliyekwisha kuyapokea, ili kioo cha mashine na kitabu cha Mungu viseme kitu kimoja. Nilijisikia kama niliyelishwa kitu kilichooza na mwenyeji ninayemheshimu. Nilisema niliyoweza kusema. Nilisema padri mzee alitupa namba moja kwa sababu hiyo hiyo. Nilisema sakramenti si chanjo ya ng'ombe. Paroko alinisikiliza hadi mwisho, halafu akamgeukia kijana.

"Wewe ndiwe unayeoa. Unasemaje?"

Kijana alimtazama baba yake, akanitazama mimi.

"Msinikasirikie, wazee," akasema. "Ya kwanza siikumbuki, nilikuwa mgongoni. Mkitaka, nimwagieni hata ndoo, nioe."

Baba yake alivuta pumzi kwa pua.

Ilifanyika Ijumaa asubuhi, katika kikanisa kidogo kilicho nyuma ya ofisi, jenereta ikinguruma kwa sababu fundi alitaka kuingiza jina mara moja. Paroko aliniomba nishike mshumaa. Nilikataa, kwa heshima, nikakaa benchi la mwisho. Mtawa ndiye aliyeushika. Nilimwona kijana akiinama juu ya beseni la plastiki la bluu, na nikamsikia paroko akisema "kama". Nilikuwa nimekaa hatua chache tu kutoka kwa lile neno. Mikono yangu, ile niliyomshikia kikombe cha bati, ilikuwa juu ya magoti, na sikujua niiweke wapi. Niliomba. Sikuomba vizuri.

Kabla maji hayajakauka kwenye nywele zake, fundi alikuja na karatasi iliyochapwa. Aliipuliza wino ukauke.

"Jedwali limempokea bila kosa lolote, mzee," akaniambia kwa furaha. "Mara moja!"

Jumamosi ndoa ilifungwa. Nilikwenda Kaisho kwa gari la mizigo, nimekaa mbele na dereva kwa heshima ya mvi. Binti alikuwa mzuri, ametulia, na alipoulizwa alijibu kwa sauti iliyofika mlangoni. Kwa hilo nilimshukuru Mungu bila kubakisha. Mjomba wake alikuwa amevaa koti na alikuwa rafiki wa kila mtu.

Ila habari ilikuwa imewahi kufika kuliko sisi. Tulipokaa kibanjani, rubisi ikizunguka, mashangazi wa bibi harusi walianza.

"Jamani, bwana harusi wetu alibatizwa jana! Ana umri wa siku moja!"

"Mpeni uji mwepesi, nyama hajaiweza!"

"Bi harusi, mbebe mgongoni, atalia!"

"Msimpe rubisi, mnyonyesheni!"

Kibanja kizima kilicheka. Ni haki ya mashangazi kutania, na bwana harusi alijua mchezo. Alijikunja kama mtoto, akalia "nyaa", akapigwa makofi. Mimi nilicheka kwa meno. Baba yake hakucheka hata kwa meno. Mkewe, aliyembeba mtoto yule mvua nzima, alinyanyuka taratibu akaenda jikoni kutazama ndizi ambazo watu wengine walikuwa wanazitazama.

Mzee alisogeza kigoda chake karibu na changu. Alinywa, akafuta midomo, akaweka kibuyu chini katikati ya miguu yake.

"Katekista. Siku ile njiani, maji yalishika au hayakushika?"

"Yalishika."

"Una hakika?"

"Kama ninavyokuona."

Alitikisa kichwa kukubali. Tukatazama vijana wakicheza, matope yakiruka.

"Basi jana mlimfanya nini mwanangu?"

Nilitafuta neno ambalo halingemtukana paroko wangu wala kumdanganya rafiki yangu. Nilitafuta katika yote niliyofundishwa, na nilifundishwa mengi, na walimu wema.

"Tulimwogesha," nikasema.

Mzee akamwita mkewe aje aketi, akamwambia kwa Kinyambo kwamba katekista amesema mtoto alikuwa amebatizwa siku zote, jana walimwogesha tu. Mama yule alikuja akifuta moshi machoni, akasimama mbele yangu akingoja niyaseme mwenyewe. Nikayasema tena, kwa sauti, mashangazi wakasikia.